Rømer, Foucault au Michelson: ubishi upi wa kasi ya mwanga unaifaa klabu yako ya sayansi?

Mlezi wa klabu ya sayansi anayetafuta kazi ya muhula mzima kuhusu kasi ya mwanga hukwama mapema. Mabishano ni mengi, na vitabu vya shule huyafunga kwa sentensi moja: fulani alipima, akapata jibu, wenzake wakakubali. Hawakukubali hivyo. Cassini alimkatalia Rømer, wafuasi wa Newton waling'ang'ania kwa zaidi ya karne kwamba mwanga ni chembe, na mwanafizikia Lorentz hakuiacha etha, kitu kilichodhaniwa kujaza anga yote na kuubeba mwanga, hata baada ya Einstein kusema haihitajiki. Hapa tunaweka mabishano matatu kando kwa kando kwa ajili ya shule za sekondari za Uganda, Senior 3 hadi Senior 6.

Vigezo ni hivi. Je, upande ulioshindwa ulikuwa na hoja ambayo mwanafunzi mwerevu anaweza kuitetea bila kujifanya? Kama haukuwa nayo, utakachokuwa nacho ni igizo, mdahalo hapana. Je, kipimo kinachowezekana shuleni kinagusa ubishi wenyewe, au ni pambo tu? Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika zaidi, na ndicho kitakachotofautisha chaguo hizi tatu kuliko bei ya vifaa. Halafu yanakuja mambo ya kawaida: vifaa, umeme, ratiba ya muhula na kiwango cha hesabu.

1. Rømer na Cassini, 1676: je, mwanga hufika papo hapo?

*Ubishi.* Ole Rømer, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Paris, alitangaza kwamba Io, mwezi wa sayari ya Mshtarii, ungechelewa kutoka kivulini kwa dakika 10 hivi tarehe 9 Novemba 1676. Ukachelewa kweli. Maelezo yake yalikuwa kwamba Dunia imejitenga na Mshtarii, kwa hiyo mwanga una safari ndefu zaidi. Kuvuka kipenyo chote cha njia ya Dunia alikadiria dakika 22. Leo tunajua ni dakika 16 na sekunde 40 hivi. Giovanni Cassini, mkubwa wake, alikataa. Ni rahisi kumcheka, lakini hoja yake ilikuwa nzito: kama ni mwanga unaochelewa, basi miezi mingine mitatu ya Mshtarii nayo ichelewe kwa kiasi hicho hicho, na majedwali ya siku zile hayakuonyesha hivyo. Kasoro ilikuwa kwenye majedwali, kwa kuwa miezi hiyo huvutana na mwendo wake ulikuwa haujaeleweka vizuri. Rømer hakuwa na jibu hilo. Ubishi ulitulia baada ya James Bradley kueleza, mwaka 1728, kwa nini nyota huonekana kuyumba kila mwaka kwa sekunde 20 hivi za pembe kila upande (digrii moja ina sekunde 3,600 za pembe). Maelezo yake hayasimami bila mwanga wenye kasi yenye kikomo.

*Vifaa na kazi.* Darubini ya kipenyo cha milimita 60 au zaidi, ukuzaji wa mara 50, stendi isiyotikisika, na simu ambayo saa yake imelinganishwa na mtandao. Basi. Io hukamilisha mzunguko, kutoka kivuli hadi kivuli, kwa wastani wa saa 42, dakika 28 na sekunde 36. Ukizidisha kwa 13 unapata siku 23 na dakika 12, na hapo ndipo ufunguo ulipo: tukio uliloliona usiku mmoja litarudi baada ya siku 23, karibu saa ile ile, Mshtarii ikiwa bado juu angani. Ukichukua mizunguko 16, kwa mfano, tukio la saa 2 usiku linarudi baada ya saa 9 usiku, na huenda sayari imeshatua.

Utahitaji jozi mbili za vipimo. Ya kwanza ni miezi mitatu hivi kabla ya Mshtarii kuwa kinyume na Jua, yaani Dunia ikiwa katikati yao: Dunia inaikaribia sayari, nanyi mnaona Io ukiingia kivulini. Ya pili ni miezi mitatu hivi baadaye: Dunia inajitenga, nanyi mnaona Io ukitoka. Jozi ya kwanza itatoa siku 23 na dakika 9 hivi, ya pili siku 23 na dakika 15 hivi. Takwimu hizo zinaweza kusogea kwa dakika moja hivi, maana Mshtarii haiendi kwa mwendo uleule mwaka hadi mwaka, lakini zinasogea pamoja. Tofauti kati yake hubaki karibu dakika 6.

Hesabu inafanyika kwa kalamu. Karibu na vipindi hivyo umbali wetu na Mshtarii hubadilika kwa kilomita 27 hivi kila sekunde. Zidisha 2 × 27 × 23 × 86,400, upate kilomita 107,308,800. Gawanya kwa sekunde 360: kilomita 298,000 kwa sekunde. Mkikosea kila tukio kwa sekunde 20, jibu litayumba kwa asilimia 10 hivi, jambo ambalo Rømer mwenyewe angelipokea kwa mikono miwili.

*Panapoharibika.* Io hauzimiki kama taa. Hufifia kwa dakika tatu hadi nne, kwa hiyo kubalianeni mapema: wakati wa kuingia andikeni sekunde ya mwisho mnapouona, wakati wa kutoka sekunde ya kwanza. Mtazamaji awe yule yule na darubini iwe ile ile katika jozi nzima. Akibadilishwa katikati, sekunde 30 zinapotea bila mtu kujua.

Kosa la pili ni la saa. Majedwali ya matukio ya Io huandikwa kwa saa ya kimataifa. Uganda iko mbele kwa saa 3, na sisi tunaozungumza Kiswahili tunahesabu tangu jua kuchomoza, kwa hiyo 18:00 ya jedwali ni saa 3 usiku. Mwanafunzi mmoja akiandika 21:00 na mwenzake saa 3, daftari linakuwa na vipimo viwili vya tukio moja. Chagueni mfumo mmoja, uandikwe juu ya kila ukurasa.

Ratiba nayo ina mambo. Mshtarii huwa kinyume na Jua kila baada ya miezi 13: Februari 2027, kisha Machi 2028. Kwa ile ya 2027, vipimo vinaangukia katikati ya Novemba 2026 na Mei 2027, na sehemu kubwa ya nchi miezi hiyo ni ya mvua. Ile ya 2028 ni bora kwa anga, kwa maana inatoa Desemba 2027 na Juni 2028, ila Desemba wanafunzi wako likizoni. Tena, jozi ya kwanza ni kazi ya alfajiri, kwani sayari huchomoza karibu saa 6 usiku. Jozi ya pili ni raha tupu: Mshtarii iko juu jua likizama, na kazi inaweza kwisha ndani ya muda wa prepu. Klabu isiyoweza kuamka inaweza kufanya jozi ya pili peke yake na kuilinganisha na wastani wa siku 23 na dakika 12, mradi ikubali kwamba jibu linaweza kukosea kwa theluthi na zaidi.

Faida yetu ni latitudo. Ikweta inapita hapa Kayabwe, na Mshtarii hupita juu angani kila mwaka, mbali na ukungu wa upeo.

*Inawafaa:* shule za bweni, hasa nje ya mwanga wa Kampala, na wanafunzi wa Senior 3 na 4 walio na subira. Hesabu ni ya kuzidisha na kugawanya. Kipimo kinagusa ubishi moja kwa moja: kama mwanga ungefika papo hapo, zile dakika 6 zisingekuwepo.

2. Foucault na wafuasi wa Newton, 1850: majini mwanga huongeza mwendo au hupunguza?

*Ubishi.* Newton alieleza kupinda kwa mwanga majini kwa kusema chembe zake huvutwa na maji, kwa hiyo huenda kasi zaidi ndani yake. Huygens alisema mwanga ni wimbi, na wimbi linalopinda hivyo lazima liwe limepungua mwendo. François Arago alipendekeza mwaka 1838 kwamba kioo kinachozunguka kwa kasi kikate shauri. Macho yake yalipodhoofika, Hippolyte Fizeau na Léon Foucault, waliokuwa washirika kabla ya kutengana, walishindana kuikamilisha kazi hiyo. Foucault alitangulia mwaka 1850 kwa wiki chache: majini mwanga hupungua mwendo. Mwaka mmoja kabla, Fizeau alikuwa amepima kasi hewani kwa gurudumu la meno 720 kati ya Suresnes na Montmartre, mita 8,633. Gurudumu lilipofika mizunguko 12.6 kwa sekunde, mwanga uliorudi ulikuta jino badala ya pengo. Wape wanafunzi namba hizo: 4 × 720 × 12.6 × 8,633 hutoa kilomita 313,000 hivi kwa sekunde. Foucault alishuka hadi 298,000 mwaka 1862.

Upande wa chembe ulikuwa na hoja? Ndiyo, na nzuri: chembe zilieleza vivuli vyenye kingo kali na mwanga kwenda mstari ulionyooka bila shida yoyote. Kisha mwaka 1905 Einstein akarudisha wazo la mwanga kuja kwa vifurushi. Mwanafunzi atakayeitetea timu ya Newton hana haja ya kuona haya.

*Vifaa na kazi.* Hapa ndipo walimu wengi hujidanganya. Jaribio la pini na kipande cha kioo, ambalo kila maabara ya Senior 3 inalo, litatoa kipeo cha kupinda kwa mwanga: 1.5 kwa kioo au 1.33 kwa maji. Lakini Newton na Huygens wote wawili walikubali pembe hizo! Walichobishania ni upande upi wenye kasi kubwa, na pini haziwezi kusema. Fanyeni jaribio hilo kama utangulizi, na muwaambie wanafunzi wazi kwamba halijaamua chochote.

Kipimo halisi kinachowezekana ni cha maikrowevu. Toa sahani inayozunguka pamoja na kiduara chake cha magurudumu. Weka kadibodi tambarare, juu yake chapati mbili zilizopakwa majarini nyembamba, unene wa milimita moja au mbili. Washa kwa nguvu kamili sekunde 15 hadi 25, ukichungulia, na uzime mara tu madoa ya kwanza yanapoyeyuka. Pima katikati ya doa hadi katikati ya doa jirani, kwa jozi nyingi uwezavyo. Umbali huo ni nusu ya urefu wa wimbi. Kibandiko cha nyuma kitaonyesha masafa, kwa kawaida megahezi 2450. Kasi ni mara mbili ya umbali huo ukizidishwa na masafa: sentimita 6.1 hutoa kilomita 299,000 hivi kwa sekunde, na sentimita 6.5 hutoa 318,500.

Louis Essen wa Uingereza alitumia kanuni ya jamii hii, kisanduku cha chuma chenye vipimo vinavyojulikana na mawimbi ndani yake, miaka ya 1940. Alipata takriban 299,792, wakati wataalamu walikuwa wametulia kwenye 299,776. Ilibainika kwamba waliotulia ndio waliokosea.

*Panapoharibika.* Majarini ikiwa nene, mawimbi hupungua mwendo ndani yake na madoa husogeleana. Maikrowevu zisizo na sahani ya kuzunguka huwa na pangaboi lililofichwa linalotawanya mawimbi, hivyo madoa hayajitokezi vizuri. Hata kwenye mashine nzuri, mawimbi hurukaruka pande zote tatu, kwa hiyo baadhi ya madoa yatatengana kwa sentimita 7 au 8. Msichague yanayowapendeza, andikeni yote kwanza. Msiwashe mashine ikiwa tupu. Ulaji wake wa umeme ni wati 1,000 na zaidi, na inverta ndogo ya sola haitaweza.

Timu pinzani pia ina haki ya kuuliza: nani alipima hizo megahezi 2450, na nani alisema mawimbi ya jikoni ni ndugu wa mwanga? Jibu ni Maxwell kwa nadharia na Hertz kwa jaribio la 1888, na inafaa wanafunzi walitafute wenyewe. Hata hivyo kipimo hiki kinatoa kasi hewani tu. Swali la maji linabaki la Foucault. Ukiweza kuomba osiloskopu chuoni, mapigo ya umeme katika waya wa antena wa mita 20 yataonyesha kwenda na kurudi kwa nanosekunde 200 hivi, yaani theluthi mbili ya kasi ya hewani. Huo ni ushahidi wa karibu zaidi kwamba ndani ya kitu kasi hushuka.

*Inawafaa:* shule za kutwa za mjini zenye umeme wa uhakika, na klabu zinazokutana saa moja kwa wiki. Kazi yote inaisha kwa mikutano mitatu. Kwa kigezo cha kugusa ubishi, hapa ni nusu kwa nusu.

3. Lorentz, Ritz na Einstein, 1887 hadi 1913: mwanga unasafiri ndani ya nini?

*Ubishi.* Albert Michelson na Edward Morley, Cleveland, 1887, waligawa mwale mmoja wa mwanga upite njia mbili zenye pembe mraba, yaani mikono miwili, kisha ukutane tena na kutoa mistari ya mwangaza na giza: bamba la jiwe likielea juu ya zebaki, vioo vikiurudisha mwanga mara nyingi hadi kila mkono ukafikia mita 11. Kama Dunia inapita ndani ya etha kwa kilomita 30 kwa sekunde, mistari hiyo ilipaswa kusogea kwa sehemu 0.4 ya upana wake. Haikufika hata 0.02.

Vitabu husema hapo etha ikafa. Sivyo. FitzGerald na Lorentz walisema mkono unaoelekea upande wa mwendo hufupika kwa kiasi kile kile cha kuficha tofauti. Walther Ritz alisema mwaka 1908 kwamba kasi ya mwanga hujumlishwa na ya chanzo chake. Na kwa kuwa taa ya Michelson ilikuwa juu ya meza ile ile, matokeo ya 1887 hayamgusi kabisa. Einstein, 1905, alisema kasi ni ile ile kwa kila mtazamaji na etha haina kazi. Wote watatu wanaeleza jaribio moja. Ritz alishindwa mwaka 1913, Willem de Sitter alipoonyesha kwamba nyota pacha zinazozungukana zingeonekana zimevurugika kama mwanga wa inayotujia ungeutangulia wa inayotukimbia. Kati ya Lorentz na Einstein hakuna kipimo kilichoamua, maana hesabu zao hutoa majibu yale yale. Kilichoamua ni nani anahitaji dhana chache zaidi. Kwa mdahalo, hili ni shamba lenye rutuba kuliko yote matatu.

*Vifaa na kazi.* Intaferomita, yaani kifaa cha aina ya kile cha Michelson, inajengeka mezani: leza nyekundu ya mkononi, vioo viwili vilivyopakwa fedha upande wa mbele (sahani za diski kuu za kompyuta mbovu hufaa), kioo kimoja kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, lenzi ndogo ya kukuza mistari, na bamba la saruji juu ya tyubu ya boda iliyojazwa upepo nusu ili kuzuia mtikisiko. Mikono iwe ya sentimita 30, tofauti yake isizidi sentimita 1, kwa kuwa leza za bei rahisi hupoteza mistari haraka. Macho yasielekezwe kwenye leza wala kwenye miale inayorudi.

*Panapoharibika.* Kubwa ni moja. Kwa mkono wa sentimita 30 na mwanga mwekundu, etha ingesogeza mistari kwa 0.01 tu. Jicho haliwezi kuona hivyo. Klabu itakayozungusha bamba, isione kitu, kisha ikatangaza kwamba imerudia ushindi wa 1887, imesema uongo bila kujua. Kifaa hiki kitumieni kwa jambo jingine: mtu asogeze kiganja karibu na mkono mmoja, bila kugusa, na mistari itaanza kutembea. Dayton Miller alidai miaka ya 1925 na 1926, juu ya Mount Wilson, kwamba ameuona mwendo wa etha wa kilomita 10 hivi kwa sekunde. Mwaka 1955 Robert Shankland na wenzake walichambua daftari zake na kulaumu tofauti za joto. Kiganja chenu kinaonyesha kwa nini lawama hiyo ina uzito.

Kwa hesabu, chukueni myuoni, chembe za muda mfupi zinazozaliwa juu angani na kushuka karibu kwa kasi ya mwanga. Mwaka 1963, juu ya Mount Washington, mita 1,910, zilihesabiwa 563 kwa saa. Usawa wa bahari 408. Nusu yake hufa kila mikrosekunde 1.5, na kushuka huchukua 6.4. Bila muda kunyooka, yaani saa ya kitu chenye kasi kubwa kwenda polepole, zingebaki kama 30. Senior 5 wanaimudu hesabu hii kwa kikokotoo, na timu ya Lorentz ikumbuke kwamba hata yeye anaitabiri.

*Inawafaa:* Senior 5 na 6 wa fizikia na hesabu, na walezi wasioona tabu kusema kwamba kifaa chao hakiamui. Anayetaka kipimo cha ushindi atavunjika moyo.

Kwa hali yako

Una darubini na bweni lenye uwanja wa giza: anza na Rømer, na panga tarehe mwaka mmoja kabla. Una umeme wa uhakika na muda mfupi, wanafunzi bado ni wa Senior 3: maikrowevu na Fizeau, huku swali la maji likiachwa wazi ubaoni. Una Senior 6 wanaopenda kubishana na wanataka kuelewa nadharia ya uhusianifu ya Einstein kabla ya chuo: chagua la tatu, ugawe timu tatu badala ya mbili, na timu ya Ritz uwape wenye ulimi mwepesi zaidi, maana ndio watakaofanya kazi ngumu.

Klabu yenye mseto wa madarasa inaweza kuunganisha la kwanza na la tatu. Wadogo wakitazama Io, wakubwa waulizwe kama kipimo cha Rømer kinaweza kugundua etha. Maxwell aliuliza swali hilo hilo katika barua ya 1879, nayo ikasomwa na Michelson.

Na kama hakuna darubini, maikrowevu wala leza, bali wiki mbili tu na ubao, chukua tangazo la Septemba 2011. Chembe za nyutrino kutoka CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, zilidaiwa kufika Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730, nanosekunde 60 kabla ya mwanga. Wakokotoe hizo ni mita ngapi (ni 18), kisha kila timu iorodheshe saa, waya na viungio vyote vilivyo njiani kabla haijamgusa Einstein. Kilichopatikana mwaka 2012 kilikuwa kiungio cha waya wa mwanga ambacho hakikukazwa vizuri.